Papa Watatu Katika Saa Mia Nane

Kifaa chenyewe ni cha kawaida mno. Ni kiunzi cha chuma chenye miguu, kilichofungiwa kamera ndogo ndani ya kasha lisiloingia maji. Mbele ya kamera hutokeza mkono mrefu ulioshika mfuko wa wavu wenye chambo, kilo moja hivi ya vibua au simu waliopondwa ili mafuta na harufu yao visambae na mkondo. Kiunzi hushushwa kwa kamba hadi mwambani, chelezo kikaachwa kikielea juu, na mashua ikaondoka. Chini hakuna mzamiaji wala mapovu wala kivuli cha mtu cha kuwatia samaki hofu. Saa moja au zaidi ikipita, watu hurudi, wakavuta kamba na kwenda kukishusha mahali pengine. Jioni wanakuwa na mafaili ya video, na kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa lazima pawe na mtu wa kuketi na kuyatazama.

Kati ya mwaka 2015 na 2018, mradi uitwao Global FinPrint ulishusha viunzi vya namna hii kwenye miamba ya matumbawe 371 katika nchi na himaya 58, ukitafuta papa na taa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Julai 2020, baada ya kutazamwa video za zaidi ya saa 15,000. Karibu mwamba mmoja katika kila mitano haukuonyesha papa hata mmoja. Na katikati ya matokeo hayo palikuwa na sentensi ambayo mtu wa pwani yetu hawezi kuipita mbio. Katika Jamhuri ya Dominika, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa, baadhi ya visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Uholanzi, Vietnam, Qatar na Kenya, ukijumlisha zote sita, saa zaidi ya 800 za kutazama zilitoa papa watatu.

Mtu akitazama kwa saa nane kila siku, bila kupumzika Ijumaa wala Jumapili, saa 800 zitamchukua siku mia. Kwa siku hizo mia atakuwa ameona maji ya kila rangi, mchanga ukitimka na kutulia, nyasi za bahari zikilala upande mmoja na kuinuka, na samaki wengi ambao hakuwa akiwatafuta. Papa atamwona mara tatu.

Kinachonishika katika kazi hii ni jinsi kuwepo na kutokuwepo visivyopimwa kwa mizani moja. Papa akipita mbele ya kamera kwa sekunde mbili, shauri limekwisha, aandikwe. Asipopita, mtazamaji hana ruhusa ya kuandika lolote mpaka dakika ya mwisho. Akichoka dakika ya arobaini akajaza fomu, ameandika uvivu wake, hakuandika hali ya bahari. Sifuri ya kweli hununuliwa kwa saa nzima ya macho yaliyo wazi, kisha saa nyingine kwenye mwamba wa pili, na nyingine kwenye wa tatu. Huenda ndiyo sababu jamii nyingi zinajua sana kusherehekea kilichopatikana, lakini kukiri kilichotoweka huzichukua muda mrefu. Kupotea kunahitaji mtu wa kukaa nako.

Niliwahi kukaa katika chumba cha kazi hiyo. Palikuwa na kompyuta mbili, feni iliyokuwa ikilia kuliko kupuliza, kijana aliyesomea mambo ya bahari chuoni, na mzee mvuvi aliyeombwa aje kusaidia majina. Dakika za mwanzo za video kulikuwa na vumbi tu. Lilipotulia, wakaja wadogo wadogo wa rangi, wakidonoa mfuko na kukimbia. Wakafuata changu wawili, wakasimama mbali wakipima hali. Mkundaji akapita akichimbua mchanga kwa ndevu zake. Kikande akaja moja kwa moja kama mwenye nyumba, akaushika mfuko wa chambo kwa meno na kuutikisa, na wengine wote wakampisha.

Mzee alikuwa akiwataja kabla hawajageuka ubavu. "Huyo puju. Huyo kangaja. Ngoja, mwanangu, usipeleke mbele, huyo nyuma ya jiwe ni chewa."

Kijana alirudisha video nyuma. Nyuma ya jiwe palikuwa na kivuli, na kivuli kilikuwa na jicho. Akaandika chewa, kisha akaandika pembeni jina la Kilatini.

Namna yao ya kuhesabu ilimshangaza mzee. Changu mmoja akizunguka mfuko na kurudi mara kumi, huwezi kumwandika changu kumi. Anayehesabu huitafuta picha moja tu ambamo samaki wa aina ile wameonekana wengi kuliko katika picha nyingine zote, na idadi ya hapo ndiyo huingia kwenye fomu. Wakipita watano mwanzoni mwa video na watano wengine baadaye, wataandikwa watano. Ni hesabu iliyokubali kupunguza ili isizidishe. Mzee aliipenda alipoielewa. Akasema laiti wachuuzi wangehesabu hivyo wanapodai.

Video ilipokwisha, kijana alishuka hadi kwenye mistari ya papa na kujaza.

"Umeandika nini hapo?" mzee akauliza.

"Sifuri, mzee."

"Andika kwamba walikuwepo."

"Fomu haina nafasi ya hivyo, mzee wangu. Inauliza walioonekana tu."

Mzee hakubishana. Akauliza kama kuna video nyingine.

Wote wawili walikuwa na haki. Fomu inayoruhusu kila mtu kuandika alichowahi kuona haitalinganishika na fomu ya mwamba mwingine, na utafiti wote utageuka barza. Lakini sifuri iliyojazwa siku ile ilikuwa na kasoro ambayo hakuna kamera inayoweza kuitibu: haikusema kama bahari ile haikuwahi kuwa na papa au ilikuwa nao wakaisha. Kwenye karatasi, mahali pasipokuwa na kitu na mahali palipopotelewa na kitu panaandikwa kwa alama moja.

Na pwani hii ilikuwa na papa. Haihitaji utafiti kulijua hilo, maana wameacha alama kwenye maisha ya watu. Kulikuwa na jarife, nyavu nene za matundu makubwa zilizotegwa kwa ajili ya papa na taa. Kulikuwa na sifa, mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye maini ya papa na kupakwa kwenye mbao za vyombo ili zisioze wala kuliwa na wadudu. Mtu aliyekulia karibu na mashua zilizopandishwa pwani anaijua harufu yake hata akiwa amefumba macho. Kulikuwa na papa mkavu, aliyetiwa chumvi na kuanikwa, ambaye majahazi ya Arabuni na Somalia yalimshusha kwa mafungu Mombasa, Lamu na Unguja kila msimu wa kaskazi, na ambaye wavuvi wa hapa pia walimkausha wenyewe. Papa wa nazi si chakula cha wageni wa hoteli. Ni chakula cha nyumba ambamo nyama ilikuwa ghali na papa alikuwa rahisi.

Ndiyo maana msiba huu ni mgumu kuulilia: aliyepotea tulimla sisi wenyewe. Si kwamba tulimmaliza peke yetu. Meli za ndoana ndefu za mataifa ya mbali zilichukua sehemu yake huko bahari kuu, na soko la mapezi la Asia ya Mashariki lilipandisha bei ya kiungo ambacho zamani kilikuwa cha ziada. Nyavu za nailoni zisizooza zilirithi mahali pa nyavu za nyuzi. Idadi ya watu pwani iliongezeka, na kila kijana aliyekosa kazi ya mshahara alijua kwamba bahari haiombi cheti. Kila mmoja alichukua kidogo cha riziki yake, na hakuna siku ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema ndiyo siku papa walipokwisha.

Desturi zetu zinajua kumzika aliyekufa. Maiti huoshwa, husaliwa, watu hukaa matanga, hitima husomwa, na wafiwa hurudi kidogo kidogo kwenye kazi zao. Lakini desturi hizo hizo zinamjua pia yule asiyeonekana. Chombo kikitoka na kisirudi, mke wa baharia hawezi kukaa eda kesho yake. Kadhi hutaka kwanza atafutwe: bandari za jirani ziulizwe, manahodha waliopita njia ile watoe habari, muda upite. Wanazuoni wametofautiana kuhusu muda huo. Wapo waliosema miaka minne, wapo waliotaka isubiriwe mpaka umri ambao wenzake wa rika moja wameshafariki. Hata hivyo msingi ni mmoja, kwamba kutoonekana peke yake si ushahidi wa kifo. Ni kutoonekana baada ya kutafutwa. Hukumu ikishatoka inauma, lakini inafungua milango iliyokuwa imefungwa. Mke anaweza kukaa eda na kuitoka, mirathi inagawanywa, madeni yanalipwa. Bila hukumu, nyumba nzima inabaki imesimama mlangoni.

Kamera hizi naziona kama utafutaji ule wa kadhi. Kazi yake kubwa si kutuonyesha uzuri wa samaki, maana uzuri huo wapo wengi wa kutuuzia. Kazi yake ni kuuliza kila bandari, kwa swali moja na kwa muda ule ule, mpaka jibu liwe na uzito wa hukumu. Mwaka 2023 waliouendesha mradi ule walitoa tathmini nyingine katika jarida la Science: aina tano za papa zilizokuwa za kawaida zaidi kwenye miamba ya dunia zimepungua kwa wastani wa asilimia 63, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila shinikizo la binadamu. Mahali ambapo papa wamevuliwa kupita kiasi, taa ndio hushika nafasi. Hata kwenye video za huku kwetu ni taa ambaye unaweza kumwona akija kulalia mchanga mbele ya chambo bila wasiwasi, kama mtu anayejua kwamba mwenye kiti hatarudi.

Kipande kigumu zaidi cha hukumu hii kinahusu kumbukumbu. Mwaka 1995 mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly aliandika makala fupi sana, ukurasa mmoja, iliyoeleza jambo ambalo wazee wa pwani hulisema kwa kunung'unika. Kila kizazi cha wataalamu, alisema, huichukua hali ya bahari waliyoikuta ujanani kuwa ndiyo hali ya asili, na hupima hasara kuanzia hapo. Kizazi kinachofuata huanza na bahari iliyopungua zaidi na kuiita ya kawaida. Hivyo hasara hugawanywa kwa vizazi, kila kimoja kikibeba fungu linaloweza kuvumilika, na hakuna anayeibeba yote.

Angalia papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno pande mbili. Wazee wengi wa pwani ya Tanzania na Msumbiji wanamkumbuka, na wapo ambao bado wana upanga wake nyumbani, umening'inizwa ukutani au umewekwa juu ya kabati. Vijana wengi wa bandari zile zile hawajawahi kumwona akiwa hai. Tangu mwaka 2013 aina zake zote zimo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini zaidi. Lakini mtoto anayekua leo akiuona ule upanga atadhani ni pambo, kitu kilichonunuliwa mahali. Hawezi kumlilia mnyama ambaye hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa wa kwao.

Hapo ndipo kamera inapofika mwisho wa uwezo wake. Ilikuja kuchelewa. Mbinu ya kuwapiga samaki video kwa chambo ilikuzwa hasa Australia katika miaka ya 1990, na ilisambaa pale kamera ndogo za bei nafuu zilipoingia sokoni katika karne hii. Wakati huo sehemu kubwa ya hasara yetu ilikuwa imeshatokea. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo Afrika, na hata wakati huo hakukuwa na njia rahisi ya kuacha kumbukumbu inayotembea ya kilichokuwa chini. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipoyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi na kuyaua kwa wingi, zipo hesabu za wazamiaji, zipo picha, lakini hakuna saa za video tunazoweza kuziweka kando ya za leo na kuuliza: nani alikuwa akipita hapa?

Hasara nayo haiji peke yake. Yule kikande aliyetikisa mfuko kwa meno ana kazi mwambani. Yeye ndiye huwavunja na kuwala wale viumbe wa mviringo wenye miiba, wanaochoma miguu ya waokota chaza. Utafiti wa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya, ambao Tim McClanahan ndiye aliyeuongoza zaidi kuliko mtu mwingine, ulionyesha kwamba kikande akivuliwa, wenye miiba huongezeka bila kizuizi, huguguna mwamba mpaka ukawa mifupa mitupu, na huwapokonya samaki walao mimea chakula chao. Ukilifunga eneo na kuacha kuvua, changu na tasi wanaweza kurudi mapema kiasi. Kikande huchukua miaka mingi, hata miongo. Kwa hiyo aliyemvua kikande wa mwisho pale, pengine kwa mshipi na kwa ajili ya mboga ya jioni moja, alichukua pamoja naye kazi ya miaka ishirini. Hakujua, na hakuna aliyekuwa akimhesabu kikande ili amwambie.

Sasa lazima niseme neno la kuipinga sifuri, maana hukumu isiyosikiliza upande wa pili si hukumu. Kamera yenye chambo huwaita wanaokula nyama na kuwadharau wanaokula mimea. Haiwaoni samaki wadogo wanaoishi ndani ya matundu ya matumbawe, na hao ni sehemu kubwa ya aina zote za mwambani. Kusi likivuruga maji, inaona mita mbili. Na bahari imewahi kuwaaibisha wataalamu kwa habari ya samaki waliotangazwa kuwa wafu. Silakanti alijulikana kwa visukuku peke yake na kudhaniwa ametoweka miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipotokea kwenye wavu karibu na East London, Afrika Kusini. Mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith alimtafuta wa pili kwa miaka kumi na minne, akisambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya pauni 100 kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Alipopatikana mwaka 1952, alitoka Anjouan, visiwani Komoro, ambako wavuvi walikuwa na jina lake, gombessa, na walikuwa wakimvua mara moja moja bila kuona ajabu. Mwaka 2001 mmoja alinaswa nje ya Malindi, na baadaye walipatikana kadhaa Tanga.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hiyo kama faraja: huenda na papa wetu wako mahali wamejificha. Mimi naisikia kwa namna nyingine. Samaki yule hakuwa amepotea. Waliomjua ndio hawakuulizwa. Kama bandari za Anjouan zingeulizwa kwanza, miaka yote ile isingepita. Papa wa mwambani ni kesi iliyo kinyume kabisa, kwa kuwa wavuvi wenyewe ndio wa kwanza kusema kwamba hawawaoni, na kamera imekuja kukubaliana nao. Mashahidi wawili wasiofanana, mmoja wa chuma na mmoja wa damu, wakisema jambo moja, shaka inabaki na mahali padogo pa kusimama.

Lipo pia jambo linalonizuia kuililia bahari peke yake. Miongoni mwa miamba yenye samaki wengi zaidi katika Bahari ya Hindi ni ya visiwa vya Chagos. Uzito wa samaki uliopimwa huko ni mara kadhaa ya ule wa miamba inayovuliwa kila siku mbele ya miji yetu. Mwezi Aprili 2010 Uingereza ilitangaza eneo la bahari la kilomita za mraba kama 640,000 kuzunguka visiwa hivyo kuwa hifadhi, pasivuliwe. Lakini utulivu ule una historia. Kati ya miaka ya mwisho ya 1960 na mwaka 1973 wenyeji wote wa Chagos walihamishwa kwa nguvu, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli, ili Diego Garcia iwe kituo cha kijeshi cha Marekani. Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi iliamua kwamba Uingereza ilikiuka wajibu wake wa kisheria kwa Mauritius ilipoitangaza hifadhi ile. Kamera ikishushwa pale itajaza mistari ya papa, nayo itakuwa kweli. Itakuwa pia imesimama mbele ya kijiji kisicho na watu, na fomu yake haina mstari wa hao.

Nasema hivi kwa sababu kila hasara ya baharini inaposomwa, yuko mtu anayeharakisha kuhitimisha kwamba tatizo ni wavuvi na dawa ni kuwaondoa. Matokeo yale yale ya 2020 hayasemi hivyo. Yaliwakuta papa wengi katika sehemu zenye watu na uvuvi, mradi tu pana sheria zinazofuatwa: nyavu za kutega zimezuiwa au zimepunguzwa, ndoana ndefu hazikubaliwi, maeneo fulani yamefungwa, au papa wamelindwa katika bahari yote ya nchi kama Maldives ilivyofanya mwaka 2010. Kuruwitu, huko Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa chini katika miaka ya 2000 wakafunga kipande cha bahari yao na kukiita tengefu, kabla serikali haijawaambia. Walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wamepotelewa na kitu, na walijua ni kitu gani.

Katika kujua huko ndiko kuliko na pengo. Hukumu ya kadhi husomwa mbele ya wenyewe. Haiwekwi kwenye kabati la mji mwingine. Sifuri yetu imeandikwa kwa Kiingereza, ikachapishwa, ikajadiliwa mikutanoni, na wafiwa, yaani wavuvi, wachuuzi wa papa mkavu, mafundi wa mashua na mama wanaopika papa wa nazi, wengi wao hawajaletewa taarifa. Wanajua kwamba mambo yamepungua. Hawajaambiwa kwamba papa walitafutwa katika dunia nzima, kwa swali moja, na kwamba jibu la kwetu lilikuwa miongoni mwa majibu mabaya kuliko yote. Taarifa hiyo ikisomwa kwenye kikao cha bandari, kwa Kiswahili na kwa majina ya samaki yanayotumika pale, haitamrudisha papa. Lakini mazungumzo ya jarife, ya papa wachanga wanaouzwa sokoni kwa mafungu, na ya sehemu gani ya bahari ipumzishwe yatakuwa yameanza kutoka mahali pa kweli, si kutoka kwenye amri.

Video nazo zina thamani ambayo itaonekana tukiwa hatupo. Saa ya mwamba iliyorekodiwa leo, ikiwa na tasi wake wa kawaida na changu wake wanaopima hali, ndiyo bahari ambayo mtu wa mwaka 2070 ataiita ya zamani. Ikihifadhiwa vizuri, yeye hatalazimika kumwamini babu yake kwa upole tu. Ataona mwenyewe, na kizazi chake hakitaweza kuanza hesabu mahali papya kama tulivyofanya sisi. Kwa bahari ya baada yetu, ushahidi unakusanywa.

Bahari ya kabla yetu haina video. Ina wazee. Yule aliyemwona chewa nyuma ya jiwe anaweza kuutaja mwamba ambapo jarife lilikuwa likipasuliwa na papa, msimu waliokuja kuzaa, na mwaka ambao nyavu zilianza kurudi nzima. Akirekodiwa kwa utaratibu, akaulizwa maswali yale yale na wenzake wa bandari nyingine wakaulizwa hivyo hivyo, maneno yake yataacha kuwa barza na kuwa safu ya pili kando ya ile ya sifuri: walikuwepo, hapa, mpaka lini. Kazi hiyo haihitaji kasha lisiloingia maji wala kilo ya chambo. Inahitaji kinasa sauti, subira, na kwenda sasa, kwa sababu mwamba utaweza kushushiwa kamera hata mwakani, na mashahidi hawa tunawazika mmoja mmoja kila mwaka.